Barua ya wazi kwa wasimamizi wa tiba ya mionzi: picha za kuhakiki ziwe sharti, si hiari

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania,
Wakurugenzi na wajumbe wa bodi za hospitali zinazotoa tiba ya mionzi.

YAH: KUHAKIKI KWA PICHA NA VIPIMO MIONZI ANAYOPEWA MGONJWA WA SARATANI

Waheshimiwa,

Husikeni na mada tajwa hapo juu. Ninaandika nikiwa mfizikia tiba, kazi ambayo wagonjwa wengi hawajui hata kama ipo, kwa sababu hatuandiki dawa wala hatupiti wodini na stetoskopu shingoni. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba dozi ya mionzi aliyoiandika daktari bingwa ndiyo iliyofika mwilini mwa mgonjwa, mahali alipokusudia, kwa kiasi alichokusudia. Ninachoomba katika barua hii ni kimoja tu, ingawa kinagusa ofisi zenu zote: asiwepo mgonjwa nchini anayemaliza tiba ya mionzi bila kuwa na picha na kipimo katika jalada lake kinachoonyesha kwamba alichopangiwa ndicho alichopata.

Naomba mniruhusu nianze na kisa kilichonifanya niandike. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulikuwa na mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi aliyepangiwa grei 50 (grei ni kizio cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 25, siku tano kila wiki. Siku ya kwanza tulimpiga picha akiwa juu ya kitanda cha mashine, mifupa ya nyonga yake ikakaa sawasawa juu ya ile ya picha ya rejea, tukaendelea na tiba. Siku ya pili mkono unaobeba paneli ya picha ukagoma kutoka kwenye maficho yake. Fundi alipopigiwa simu tukagundua kwamba kipuri kile hakikuwamo kwenye mkataba wa matengenezo, na barua zikaanza kuzunguka kutoka dawati moja hadi jingine. Mashine yenyewe ilikuwa nzima, foleni ilikuwa imefika kwenye varanda, na hakuna aliyeona sababu ya kusimamisha tiba kwa ajili ya kile ambacho kwenye kikao kimoja kiliitwa "kamera tu".

Paneli ilipotengenezwa, mama yule alikuwa amefika kipindi cha 12. Tulipompiga picha, yale matundu mawili ya mfupa wa nyonga, ambayo kwenye kioo cha kompyuta huonekana kama macho mawili ya kijivu, yalikuwa yametoka nje ya mistari ya kijani tuliyoichora kwenye picha ya rejea. Tulipima: milimita 16 kwenda kushoto, wakati ukingo wa usalama tuliouweka kuzunguka uvimbe ulikuwa milimita 10. Mteknolojia aliyekuwa kwenye kompyuta aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, hii nyonga siyo ya siku ile." Tulirudi chumbani tukaangalia ngozi. Alama ya wino ya pembeni ilikuwa imefutika kwa jasho na maji ya kuoga, kisha ikachorwa upya kwa kalamu, lakini juu ya kovu dogo lililokuwa jirani nayo. Kila asubuhi mwanga wa leza ulikaa juu ya alama hiyo kama inavyotakiwa, na kila asubuhi karatasi ilitiwa saini mbili.

Hatukuweza kusema ni vipindi vingapi kati ya vile vilivyopita vilikwenda pembeni, kwa kuwa picha za siku hizo hazikuwapo. Daktari wake alilazimika kukadiria, akapanga upya vipindi vilivyobaki. Tulimweleza mgonjwa pamoja, mimi na daktari, na alisikiliza akiwa ameshika pindo la kanga yake mpaka tulipomaliza. Kisha akauliza, "Sasa siku zote hizo mwanangu, mlikuwa mnaonea wapi?"

Kwa wale kati yenu ambao si watu wa fani hii, naomba nieleze kwa ufupi namna picha hizi zinavyopatikana, kwa sababu nimeona maamuzi ya fedha yakifanywa na watu wanaodhani kuwa ni pambo. Mashine ya LINAC, yaani ile inayotengeneza mionzi ya tiba kwa umeme, ina kichwa kinachotoa mionzi na kinachoweza kuzunguka mwili wa mgonjwa. Upande wa pili, mkabala na kichwa hicho, kuna paneli bapa iliyojaa vihisio vya silikoni. Mionzi ile ile inayotibu ikishapita mwilini huifikia paneli, nayo huchora kivuli cha mwili ulivyokaa wakati huo. Picha hiyo ni hafifu, kwa sababu katika nishati kubwa ya tiba mfupa na nyama hupunguza mionzi kwa viwango vinavyokaribiana, tofauti na picha ya kawaida ya eksirei ambayo mfupa hung'aa mweupe. Ndiyo maana mashine za kisasa huongezewa mirija ya eksirei ya nishati ndogo upande mmoja na paneli yake upande mwingine. Gantri, yaani mkono mkubwa unaobeba kichwa hicho, ikizunguka mara moja, kwa muda wa dakika moja hivi, hupatikana picha ya pande tatu inayoweza kulazwa juu ya ile ya CT iliyotumika kupanga tiba. Kompyuta husema kitanda kisogezwe milimita ngapi, kwenda wapi, na mteknolojia huthibitisha kwa macho yake kabla ya kukisogeza.

Picha hiyo ya pande tatu ina manufaa ya pekee kwetu, kwa kuwa saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Mji wa mimba haukai kama mfupa. Hupanda na kushuka kulingana na mkojo uliomo kwenye kibofu, na rektamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, nayo huusukuma kwa nyuma. Tunamwambia mgonjwa anywe maji kiasi fulani, asubiri kiasi fulani, kisha umeme unakatika au mgonjwa aliye mbele yake anachelewa, na mama wa watu anabaki kwenye benchi akibana mapaja hadi anaposhindwa na kwenda msalani. Akiingia ndani kibofu ni kitupu, mifupa yake inakaa sawa kabisa na picha ya rejea, na uvimbe haupo pale tulipoupanga. Nyonga iliyokaa vizuri haitoshi kutuambia hilo. Lazima kibofu chenyewe kionekane, na aliye kwenye kompyuta awe na ruhusa ya kusema, "Mama, shuka kidogo, kunywa maji, tutakuita tena baada ya nusu saa," bila kuulizwa jioni kwa nini idadi ya siku imepungua.

Hata hivyo, sipendi mtu aondoke na wazo kwamba tatizo ni mahali peke yake. Kivuli kinaonyesha mionzi imepita wapi, lakini hakisemi ni kiasi gani. Mwaka 1996 huko Kosta Rika, baada ya chanzo kipya cha kobalti-60, metali inayotoa mionzi yenyewe, kufungwa kwenye mashine, aliyepima nguvu yake alisoma 0.3 kwenye kipima muda akadhani ni sekunde 30, kumbe ni sehemu ya dakika, yaani sekunde 18. Kosa hilo dogo la hesabu liliingia kwenye muda wa tiba wa kila mgonjwa, na watu 115 walipigwa mionzi iliyozidi kwa zaidi ya nusu ya kile walichostahili kabla halijagunduliwa. Picha ya mahali isingeliona kosa hilo. Kila mmoja wao angeonekana amelala sawasawa.

Kinyume chake ni kisa cha New York cha mwaka 2005. Mgonjwa alikuwa na uvimbe kichwani na shingoni, mpango wake ukarekebishwa, kompyuta ikakwama wakati wa kuuhifadhi, na maelekezo ya majani ya kolimeta, yaani vile vipande vya chuma vinavyoukata mwali wa mionzi ufuate umbo la uvimbe, yakapotea. Alitibiwa vipindi vitatu majani yakiwa wazi kabisa. Jaribio la kuupima mpango huo lilifanyika baada ya kipindi cha tatu, wakati maana yake yote ni kufanyika kabla ya kipindi cha kwanza. Paneli ile ile niliyoieleza, kama ingewashwa siku ya kwanza hata bila mgonjwa kitandani, ingeonyesha mraba mpana ulio wazi mahali palipotakiwa kuwa na umbo dogo lenye kona nyingi, na mtu yeyote mle chumbani angeliona.

Hapa ndipo kilipo kiini cha ombi langu. Paneli ya picha, ikishawekewa vipimo vyake na kulinganishwa na vipima dozi vya kawaida, hugeuka kutoka kamera kuwa mzani. Kila nukta yake huhesabu kiasi cha mionzi kilichotoka upande wa pili wa mwili, na kutokana na kiasi hicho kompyuta inaweza kurudi nyuma ikakokotoa dozi iliyobaki ndani, kisha ikailinganisha na ile iliyopangwa. Taasisi ya Saratani ya Uholanzi iliyoko Amsterdam ilifanya hivyo kwa mipango ya tiba 4,337 kati ya Januari 2005 na Agosti 2009. Makosa makubwa 17 yaligunduliwa, na 9 kati ya hayo yasingegunduliwa kwa kuupima mpango kabla ya tiba, kwa maana kwamba yalijitokeza tu pale mgonjwa mwenyewe alipokuwa kitandani. Mtu anaweza kusema makosa 17 ni machache kati ya maelfu ya mipango. Nakubali, ila ile ni taasisi yenye wafizikia wa kutosha, mashine zinazohudumiwa kwa wakati na utamaduni wa miaka mingi wa kukaguana. Sisi ambao mfizikia mmoja hubeba kazi ya wawili au watatu tuna sababu gani ya kudhani kwamba makosa yetu ni machache kuliko yao?

Ulegevu unaovumilika ni mdogo. Tangu mwaka 1976 Tume ya Kimataifa ya Vizio na Vipimo vya Mionzi ilishauri kwamba dozi inayomfikia mgonjwa isitofautiane na iliyoandikwa kwa zaidi ya asilimia 5. Ndani ya asilimia hizo 5 hugawana makosa ya chanzo, ya kompyuta ya kupangia, ya umbali, ya unene wa mgonjwa aliyepungua kilo tangu apigwe CT, na ya mikono yetu sisi. Kwa chanzo cha kobalti-60, ambacho hupungua nguvu kwa takribani asilimia 1 kila mwezi, kusahau kusahihisha jedwali la muda kwa nusu mwaka kunatosha kuimaliza akiba yote.

Nina tahadhari moja ambayo lazima niiseme, hasa kwa Tume, ili ombi langu lisije likazaa madhara mengine. Picha nazo ni mionzi. Katika mji wa Épinal nchini Ufaransa, mbali na ajali kubwa ya miaka ya 2004 na 2005 iliyotokana na programu ya kupangia tiba kutumiwa visivyo, iligundulika kwamba karibu wagonjwa 400 wa saratani ya tezi dume walikuwa wamezidishiwa dozi kwa asilimia 8 hadi 10. Sababu yake ilikuwa picha za kila siku zilizopigwa kwa mwali wa tiba, ambazo dozi yake haikuhesabiwa na yeyote. Chombo kilichowekwa ili kumlinda mgonjwa ndicho kilichomzidishia. Kwa hiyo sharti lolote litakalowekwa la kupiga picha liambatane na sharti la kuandika dozi ya kila picha na kuijumlisha kwenye mpango.

Vilevile paneli yenyewe hukaguliwa. Kuna kipimo kinachotumia mpira mdogo wa tangsteni, usiozidi punje ya njegere, unaowekwa kwenye kitovu cha mashine, yaani nukta ambayo kichwa chake huizunguka, na kupigwa picha kutoka pembe mbalimbali. Kivuli chake kikihama katikati ya mraba wa mionzi, tunajua kwamba kitovu cha picha na kitovu cha tiba vimeachana. Mwongozo wa mwaka 2009 wa chama cha wafizikia tiba wa Marekani unataka vitovu hivyo visitofautiane kwa zaidi ya milimita 2 katika tiba ya kawaida. Kazi hii huchukua dakika kama ishirini asubuhi, kabla wagonjwa hawajaanza kuingia. Nimewahi kuambiwa kwamba dakika hizo ni wagonjwa wawili.

Najua mtaniuliza kuhusu mashine za kobalti, kwa sababu LINAC zilizoanza kutumika katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mwaka 2018 hazikuziondoa mara moja mashine zilizotangulia, na mikoani kobalti imebeba mzigo kwa muda mrefu. Nyingi ya mashine hizo hazina paneli. Lakini filamu kwenye kaseti iliyowekwa chini ya mgonjwa bado inaonyesha mwali umepita wapi, na kipima dozi kidogo cha diodi kilichobandikwa juu ya ngozi mahali mionzi inapoingilia kinatoa jibu papo hapo, hata kama ni jibu la nukta moja. Kuna pia ukaguzi wa posta unaoendeshwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1969: hospitali hupokea vibonge vidogo vya kupimia, huvipiga mionzi kwa dozi iliyoagizwa na kuvirudisha vikasomwe. Ukaguzi huo ni mzuri na tuendelee nao. Unachopima ni mashine ikipiga mionzi kwenye tangi la maji, siku moja ambayo kila mtu anajua kwamba ni siku ya ukaguzi. Mama mwenye alama iliyochorwa juu ya kovu hayumo ndani yake.

Sasa niende kwenye yale ambayo kila ofisi inaweza kufanya.

Tume ya Nguvu za Atomu, chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, ndiyo inayotoa leseni kwa kila chanzo cha mionzi nchini. Naomba leseni ya mashine ya tiba iwe na sharti lililoandikwa: picha katika vipindi vitatu vya kwanza vya kila mgonjwa anayetibiwa kwa lengo la kupona, kisha angalau mara moja kila wiki, kipimo cha dozi mwilini angalau mara moja mwanzoni mwa tiba, na kila mara mpango unapobadilishwa, na kikomo cha siku ambazo mashine inaweza kuendelea kutibu ikiwa mfumo wake wa picha ni mbovu. Wakaguzi wenu wanapokuja huangalia unene wa kuta, vipima mionzi vya wafanyakazi na alama za mlangoni. Mambo hayo yanatulinda sisi. Naomba waombe pia majalada kumi ya wagonjwa, wayachague wenyewe, watafute picha.

Wizara ndiyo inayobeba zabuni. Mashine inaponunuliwa, bei hulinganishwa, na vitu vya kwanza kukatwa ili bei ishuke ni leseni ya programu ya kulinganisha picha, programu ya kukokotoa dozi kutoka kwenye paneli na mafunzo ya mara ya pili kwa watumishi. Paneli yenyewe huchakaa, kwa sababu inakaa kwenye mionzi kila siku ya maisha yake, na siku moja lazima ibadilishwe kama tairi la gari. Mkataba wa matengenezo usioitaja paneli, mkono wake na mirija ya eksirei una tobo, na hukumu ya kwamba "mashine inafanya kazi" isitolewe wakati vitu hivyo vimekufa. Naomba pia nafasi za ajira za wafizikia tiba na wateknolojia wa tiba ya mionzi zihesabiwe kwa mashine na kwa wagonjwa, zisipachikwe tu kwenye ikama ya idara ya radiolojia kwa sababu majina yanafanana.

Wakurugenzi wa hospitali, ninyi nawaandikia kwa ukaribu zaidi kwa kuwa ninyi ndio mnaotuuliza jioni. Ripoti ya mwezi inayohesabu vichwa peke yake inatufundisha kuruka picha. Ongezeni safu moja: katika wagonjwa walioanza tiba mwezi huu, wangapi walipigwa picha ndani ya vipindi vitatu vya kwanza, na wangapi kati yao kitanda kilisogezwa kwa zaidi ya milimita 5. Safu hiyo haihitaji fedha. Na mteknolojia anaposimamisha tiba kwa sababu picha haikubaliani na mpango, asiandikiwe barua ya kujieleza. Yule kijana aliyeniambia kwamba nyonga siyo ya siku ile alisita kwanza, akanitazama, akatazama mlango ambako wagonjwa wengine walikuwa wakisubiri. Niliiona ile hesabu aliyokuwa akiipiga kichwani.

Hoja ya foleni ni ya kweli na siidharau. Kuna watu wanaosafiri siku mbili kufika Dar es Salaam au Mwanza, wanalala kwa ndugu au kwenye vibaraza, na kila wiki ya kusubiri inaukuza uvimbe. Picha ya pande tatu pamoja na kuilinganisha huongeza dakika nne au tano kwa mgonjwa mmoja, ikiwa wahusika wameizoea. Kwa siku ya wagonjwa 50 hizo ni zaidi ya saa tatu, ambazo haziwezi kutoka kwenye chai ya watumishi. Zinatakiwa zitoke kwenye zamu ya pili yenye watu wake na posho yake. Ndiyo maana sikuanza kwa kuomba picha kila siku kwa kila mtu, na ndiyo maana nimetofautisha anayetibiwa ili apone na yule anayepewa kipindi kimoja ili maumivu ya mfupa yapungue.

Niko tayari kufika mbele ya kikao chochote mtakachokiitisha, pamoja na wenzangu, nikiwa na mpira wa tangsteni, jedwali la kobalti na picha zilizoondolewa majina, ili wajumbe waone kwa macho yao tofauti ya milimita 16 inafananaje kwenye kioo. Naomba majibu ya Tume kuhusu sharti la leseni yapatikane kabla ya leseni za mwaka ujao kuanza kutolewa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mfizikia tiba,
Dar es Salaam.

Nakala: Wakuu wa idara za tiba ya mionzi, pamoja na wateknolojia wote wa zamu ya asubuhi.